Andika bei, acha kuhesabu wafuasi

Tangazo la biashara ndogo mtandaoni mkoani Songwe limekuwa na sura moja, liwe la Tunduma mpakani au la Itaka ndani ya wilaya ya Mbozi. Ni picha ya kitenge, ya kitanda kipya au ya majogoo wa kienyeji waliofungwa miguu, na chini yake maneno haya: "Mzigo mpya umeingia, bei njoo inboksi." Wanaotaka kununua wanauliza palepale ni kiasi gani, na muuzaji anawajibu mmoja mmoja kwamba waende inboksi. Wengi hawaendi. Hoja yangu ni kwamba desturi hii ya kuficha bei, pamoja na ushauri wote unaoizunguka wa kusaka wafuasi, inawanyima wafanyabiashara wadogo wa sehemu kama Itaka faida kubwa ambayo simu ingewapa. Kwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi, fundi cherehani, muuza vifaranga au mama lishe wa Itaka, masoko ya mtandaoni yaanze na bei iliyoandikwa, kipimo kilichotajwa na mahali pa kukipata kitu chenyewe. Mengine yafuate baada ya hapo.

Ushauri wanaopewa haukutoka hewani. Kwenye semina, kwenye video fupi za TikTok na kwenye magrupu ya WhatsApp, walimu wa biashara ya mtandaoni wanafundisha karibu mambo yaleyale: fungua ukurasa kila mtandao, posti kila siku, usitaje bei ili watu waulize, kwa sababu maswali mengi chini ya picha huufanya mfumo wa Facebook au Instagram uisukume mbele zaidi, halafu tenga fedha za kulipia tangazo. Kwa muuza manukato wa Sinza au muuza viatu wa Kariakoo, Dar es Salaam, ushauri huu una mantiki. Yeye anatafuta wageni. Katika jiji la mamilioni ya watu ambao karibu wote hawamjui, kuonekana ndiyo kazi ya kwanza, na mteja mmoja akichoka na kuondoka, yupo mwingine nyuma yake. Itaka ni kata. Mteja wa fundi seremala wa Itaka ni mzazi ambaye mtoto wake anasoma darasa moja na wa fundi, ni mwanachama mwenzake wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, ni muumini wa kanisa la jirani, au ni dada wa mmoja wao aliyeolewa Vwawa. Hata ukichukua mkoa mzima, sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu wapatao milioni 1.3, nao wametawanyika kutoka milima ya Ileje hadi Kamsamba. Wafuasi elfu kumi walioko Mwanza na Arusha hawatanunua kitanda cha paina kilichochongwa Itaka, hata wakikipenda.

Jirani huyu anayemjua fundi kwa jina, basi, anazuiwa na nini asinunue? Anazuiwa na mashaka. Hajui kama kitanda kipo au kitaanza kuchongwa akishalipa. Hajui bei, hajui ukubwa, hajui kama mbao zimekauka. Ili ayajue hayo ni lazima alipe nauli ya bodaboda au aache shamba nusu siku, na anaweza kufika akakuta fundi ameenda kwenye msiba. Simu ingeweza kuifuta gharama hiyo kwa dakika moja. Tangazo linaloficha bei linairudisha kwa mlango mwingine: mteja atumie bando, aandike ujumbe, asubiri jibu, kisha aingie kwenye mazungumzo ambamo anahisi anapimwa uwezo wake kabla ya kutajiwa kiasi. Hisia hiyo ya mwisho inafukuza watu wengi kuliko wauzaji wanavyodhani. Bei inayotajwa faraghani ni bei ambayo mteja hana njia ya kujua kama ndiyo aliyotajiwa mwenzake, na katika kata ambamo watu hukutana gulioni, kanisani na kisimani, watakuja kulinganisha tu. Siku watakapogundua kwamba kitu kilekile kimeuzwa kwa bei tatu, hakuna picha nzuri itakayorudisha imani yao.

Kwamba bei iliyo wazi ina faida kwa pande zote mbili ni jambo lililopimwa. Mwaka 2007 mchumi Robert Jensen alichapisha utafiti juu ya wavuvi wa saradini wa kaskazini mwa Kerala, India, ambako minara ya simu ilijengwa kati ya mwaka 1997 na 2001. Kabla ya simu, boti ingeweza kuingia kwenye soko lililokwisha kujaa samaki hadi wanatupwa, huku soko la kilomita chache tu pembeni likiwa na wanunuzi waliokosa. Simu zilipofika, wavuvi walianza kuuliza bei wakiwa bado majini. Bei za masoko zikakaribiana, samaki wakaacha kutupwa, faida ya wavuvi ikapanda kwa takriban asilimia 8, na mlaji naye akawa analipa pungufu kwa takriban asilimia 4. Miaka mitatu baadaye Jenny Aker alionyesha jambo linalofanana nchini Niger: simu zilipunguza tofauti ya bei za nafaka kati ya soko na soko kwa asilimia 10 hadi 16. Hakuna mvuvi wala mfanyabiashara wa nafaka aliyekuwa akitafuta umaarufu. Kilichowasaidia ni kupata jibu la swali la bei kabla ya kufunga safari.

Haki inanitaka nitaje ushahidi unaovuta upande mwingine, kwa sababu nao ni mzito. Marcel Fafchamps na Bart Minten waliwafuatilia wakulima wa Maharashtra, India, waliopelekewa bei za masoko kwa ujumbe mfupi wa simu, na katika utafiti wao wa mwaka 2012 hawakuona kwamba wakulima hao walipata bei nzuri zaidi kuliko wenzao. Jenna Burrell na Elisa Oreglia walikwenda mbali zaidi mwaka 2015. Wakitumia waliyoyaona kwa wavuvi wa Uganda kwenye Ziwa Victoria na kwa wafanyabiashara wa vijijini China, walisema kwamba imani ya kwamba taarifa za bei zenyewe hubadilisha biashara imetiwa chumvi: watu huuziana kwa kufuata uhusiano, mikopo na ahadi za muda mrefu, na hawakimbilii kila bei iliyo juu. Nawaamini. Lakini ukiusoma vizuri, ushahidi huo unaikazia hoja ya Itaka. Bei iliyotumwa na kampuni ya mbali, isiyo na mtu wa kuisimamia, haimsogezi mtu. Bei iliyoandikwa na fundi ambaye nyumba yake inajulikana, na ambaye akikataa kuitimiza utamkuta kesho njiani, ni ahadi. Muuzaji mdogo wa kijijini ana kitu ambacho zile huduma za ujumbe hazikuwa nacho, yaani uso unaojulikana, kisha anakubali kukitupa kwa kujificha nyuma ya inboksi.

Hapa kuna jambo ambalo watu wa Mbozi hawahitaji kufundishwa na mchumi yeyote, nalo ni kipimo. Kwa miaka mingi mkulima wa mahindi, viazi na maharage ameumizwa na lumbesa, gunia linaloshonewa kilemba juu hadi linapita uzito wake, bei ikibaki ileile ya gunia moja. Sheria ya Vipimo inakataza, Wakala wa Vipimo hukamata, na bado lumbesa huonekana. Mkulima aliyepita kwenye hayo anajua kwamba bei bila kipimo ni nusu ya taarifa, na nusu hiyo inaweza kumdanganya kuliko kutojua kabisa. Kwa hiyo muuza maharage anayeposti "shilingi kadhaa kwa debe" ajue kwamba msomaji wake ataanza kwa kujiuliza debe la nani, lililotikiswa au la. Aandike kilo. Apige picha ya mzani ukiwa na mzigo juu yake, namba ikisomeka. Picha ya namna hiyo haina mvuto wowote wa kisanii, na walimu wa mitandao hawataisifu, lakini kwa mnunuzi wa jumla aliyeko Tunduma ni tangazo lenye nguvu kuliko picha kumi za magunia yaliyopangwa vizuri.

Nitoe mfano wa tangazo ninalolitetea, ili tusibaki hewani. "Kitanda cha paina, futi 5 kwa 6, mbao zimekaushwa miezi mitatu. Shilingi 180,000. Kipo tayari kimoja, kingine kitakuwa tayari Ijumaa. Itaka, jirani na zahanati. Ukikitaka Vwawa au Mlowo, usafiri 15,000. Malipo ya nusu kwa Lipa Namba, jina litakalotokea ni la karakana. Nusu iliyobaki baada ya kukiona." Bei hizo ni za mfano tu, kila fundi anajua zake. Cha kutazama ni kwamba mtu aliyesoma maneno hayo hana swali lililobaki isipokuwa moja: kiasi hicho ninacho au sina. Akiwa hana, ameachana na fundi bila kumpotezea muda. Akiwa nacho, anayempigia simu ameshaamua. Fundi aliyekuwa akijibu watu thelathini kwa siku, ishirini na nane wakiwa wanaulizia tu, sasa anapokea simu mbili au tatu na kuendelea na randa yake. Muda wa fundi ni mali, na ushauri wa "ongeza mazungumzo na wateja" hauuhesabu kabisa.

Jinsi WhatsApp ilivyoundwa inawafaidi wauzaji wanaoandika bei wazi namna hii. Mtandao huo hutumika sana kwa biashara ndogo za vijijini, lakini ushauri mwingi unaotolewa ni wa Instagram uliohamishiwa huko. Orodha ya kutuma ujumbe kwa watu wengi kwa mpigo, ambayo hubeba hadi watu 256, huwafikia wale tu waliohifadhi namba yako kwenye simu zao. Stetasi huonekana kwa watu waliohifadhiana namba, na hupotea baada ya saa 24. Hii ina maana kwamba lengo la mwenye duka liwe moja tu: awe ameandikwa kwenye simu ya mteja, kwa jina la kazi yake. Mtu huhifadhi namba ya muuzaji anapoona sababu ya kurudi kwake. Mwenye duka la pembejeo anayeposti kila Jumatatu asubuhi bei ya mbegu na dawa zilizopo siku hiyo, na kusema wazi kisichopo, anawapa watu sababu hiyo. Anayeposti misemo ya kutia moyo alfajiri, picha za wanasoka mchana na bidhaa zisizo na bei jioni, ananyamazishwa kimyakimya. Na wala si lazima aposti kila siku. Fedha za Mbozi hutembea kwa msimu: kuna miezi ya kahawa na mahindi kuuzwa, watu wakijenga na kuoa, na kuna miezi ya Novemba na Desemba ambapo kila shilingi inaenda shambani. Tangazo la mabati mwezi wa kupanda linapita kama upepo.

Gharama ya bando nayo iingie kwenye hesabu. Watanzania walionyesha jinsi inavyowauma Aprili 2021, pale bei mpya za vifurushi zilipoibua kelele kubwa hadi Serikali ikazisitisha. Video ya dakika mbili yenye muziki humla mteja MB zake kabla hajajua kinachouzwa. Picha moja yenye maneno manne ya bei hufunguka hata pale mtandao ulipo hafifu, na mwenye simu ya kitochi anaweza kupelekewa maneno yaleyale kwa ujumbe wa kawaida. Wale wanaosema kwamba mazungumzo haya hayawahusu watu wa vijijini kwa sababu wengi hawana simu janja wanasahau kwamba taarifa nzuri husafiri kwa mdomo pia. Mmoja mwenye simu janja kwenye familia huwasomea wengine. Lakini hawezi kuwasomea bei ambayo haikuandikwa.

Kuna sababu nyingine ya kuandika kila kitu wazi, nayo ni ulaghai. Hakuna Mtanzania mwenye simu asiyeujua ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Usajili wa laini kwa alama za vidole, ambao ulisababisha laini zisizosajiliwa kuanza kufungwa Januari 2020, haukuumaliza. Taarifa za robo mwaka za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) zimekuwa zikiutaja mkoa jirani wa Rukwa, pamoja na Morogoro, kuwa miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa majaribio ya kutapeli. Katika mazingira hayo muuzaji anayesema "bei njoo inboksi, malipo kabla" anafanana mno na tapeli, hata akiwa mwaminifu kama mtakatifu. George Akerlof alieleza mwaka 1970, akitumia mfano wa magari yaliyokwisha kutumika, kwamba mnunuzi asipoweza kumtofautisha muuzaji wa kweli na wa uongo humlipa kila mmoja bei ya wastani, na wa kweli huishia kuondoka sokoni. Dawa yake ni alama ambazo tapeli atapata shida kuziiga. Lipa Namba inayoonyesha jina la biashara kabla ya mteja kuweka namba ya siri ni alama mojawapo. Bei ileile kwa watu wote, iliyokaa hadharani wiki hadi wiki, ni nyingine. Tapeli hapendi kumbukumbu.

Tazameni pia namna mizigo inavyosafiri, kwa sababu Watanzania wameshajitengenezea mfumo wao na unafanya kazi. Mama wa Itaka akinunua nguo za watoto Kariakoo bila kuondoka nyumbani, muuzaji huzifunga kwenye kiroba, huandika jina na namba ya simu ya mpokeaji kwa kalamu nene, hupiga picha kifurushi kikiwa kimeshikwa mlangoni pa basi la Tunduma, hupiga picha risiti ya mzigo, huomba namba ya kondakta, na vyote hivyo huvituma WhatsApp. Kifurushi hushushwa Mlowo au Vwawa na bodaboda humalizia. Kila picha katika mlolongo huo ni uthibitisho unaojibu shaka fulani ya mnunuzi. Jumia, kampuni kubwa ya biashara mtandaoni barani Afrika, ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019. Nchini Kenya, Copia, iliyoanza mwaka 2013 ikilenga hasa wateja wa vijijini kupitia mawakala wa madukani, iliwekwa chini ya wasimamizi Mei 2024 baada ya kuishiwa fedha. Zote zilikuwa na programu nzuri, matangazo na mitaji ya dola nyingi, na bado kufikisha mzigo mmoja mdogo kwa mtu mmoja kijijini kuliendelea kuwa ghali. Kiroba cha basi kinaendelea kwa sababu basi lilikuwa linakwenda Tunduma vyovyote vile.

Lakini barabara inayoleta kiroba Itaka ni onyo kwa wenye maduka wa Itaka. Victor Couture, Benjamin Faber na wenzao walichunguza mpango mkubwa wa China wa kuviunganisha vijiji na biashara ya mtandaoni, na mwaka 2021 wakaripoti kwamba faida kwa wazalishaji na wafanyakazi wa vijijini ilikuwa ndogo. Waliofaidika walikuwa hasa sehemu ndogo ya wanakijiji kama wanunuzi, waliopata bidhaa nyingi zaidi kwa bei nafuu. Tafsiri yake kwa Mbozi ni nyepesi. Mtandao utaileta Kariakoo Itaka upesi kuliko utakavyoipeleka Itaka Kariakoo. Mauzo makubwa ya eneo hili yana njia zake: kahawa hupitia vyama vya msingi na minada inayosimamiwa na Bodi ya Kahawa, na mahindi hununuliwa na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) na wafanyabiashara wa mpakani. Hayo hayatahamia Instagram. Kinachobaki mikononi mwa biashara ndogo ni huduma za karibu, na hapo mpinzani wake ni muuzaji wa Dar es Salaam ambaye bei yake ya jumla imeandikwa kwenye grupu la WhatsApp na mama wa Itaka anaisoma. Mwenye duka wa hapa anaweza kumshinda kwa kusema: kitu kipo leo, unakijaribu, kikiharibika unakirudisha. Hawezi kumshinda kwa kuficha bei.

Wauzaji wenyewe wana majibu yao, na hayafai kupuuzwa. La kwanza ni kwamba mshindani ataiona bei na kuishusha yake kwa shilingi mia tano. Ataiona, ndiyo. Lakini mshindani wa Itaka hahitaji Facebook ili ajue bei ya jirani. Hutuma mtoto dukani akaulize. Asiyejua ni mteja peke yake. La pili ni mapatano: sisi ni watu wa kupatana bei, na bei iliyoandikwa inaonekana kama kukata mazungumzo. Mapatano yanabaki. Bei ya hadharani ndiyo mahali yanapoanzia, na mteja wa siku nyingi ataomba apunguziwe kama alivyozoea, akijua anachopunguziwa ni kiasi gani. La tatu ni kwamba bei hubadilika, na kweli hubadilika, hasa kwa bidhaa zinazovuka mpaka pale Tunduma, ambako kwacha ya Zambia hupanda na kushuka. Basi iandikwe tarehe: "bei ya leo". Na iandikwe kwa shilingi, maana kanuni zilizotolewa Machi 2025 zinakataza kutangaza bei za ndani ya nchi kwa fedha za kigeni. Muuzaji wa mpakani aliyezoea kuwatajia wateja wake kwacha alizingatie hilo.

Jibu la nne husemwa kwa sauti ya chini: tukiandika bei, TRA wataona. Hofu hii ina historia, na wanaoicheka hawajawahi kufungiwa duka. Hata hivyo picha ya bidhaa ikishakuwa mtandaoni, biashara imeshaonekana. Kuondoa bei hakumfichi mtu. Kwa mtu binafsi mwenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka, kodi ya mapato kwa utaratibu wa makadirio ni sifuri, na aliye juu ya hapo anajikinga vizuri zaidi akiwa na kumbukumbu za bei zake kuliko kukadiriwa kwa macho na ofisa anayeona rafu zilizojaa. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 nayo inamtaka anayeuza kwa njia ya mtandao ampe mnunuzi maelezo ya kutosha kufanya uamuzi. Sioni namna maelezo yanavyoweza kutosha bila bei kuwamo.

Pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote ni la vijana. Wanasema kwamba wapo waliotoka kusikojulikana wakajenga biashara kwa TikTok, na kwamba kumwambia kijana wa Itaka abaki na wateja wa kata yake ni kumfungia dunia. Wapo kweli, na anayeuza kitu kinachoweza kusafiri na ambacho hakipatikani kwingine, tuseme asali ya aina fulani, kahawa iliyokaangwa na kufungwa kwenye pakiti au vikapu vya mkono wake, ana haki ya kutafuta macho ya mbali. Hata yeye, siku video yake itakaposambaa, atapokea maswali elfu moja ya "bei gani na mnatuma vipi Dodoma?", na asipokuwa ameyajibu kwenye video yenyewe atawapoteza wateja wengi kabla jua halijazama. Nisichokubali ni kuwauzia kinamama wa vikundi na mafundi wa karakana ndoto ya umaarufu kwa ada ya semina, wakati wateja wengi wanaoweza kuwapata wanaishi umbali wa safari moja ya bodaboda.

Na umaarufu wa mtandaoni ni mali iliyowekwa kwa mwingine. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa karibu saa sita. Wakati wa uchaguzi mkuu wa Oktoba 2025 intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa, na waliokuwa na oda zilizolipiwa nusu hawakuweza kuwapata wateja wao kwa WhatsApp. Aliyekuwa na daftari lenye majina, namba na oda za watu aliendelea kupiga simu za kawaida. Daftari hilo litunzwe kwa adabu pia, kwani tangu Mei 2023 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi, na namba ya mteja haigawiwi kwa mkopeshaji wala kwa mgombea.

Halmashauri zina nafasi hapa ambayo hazijaitumia. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ilirudi mwaka 2024 baada ya kusitishwa mwaka uliotangulia, na vikundi hupewa mafunzo kabla ya kukabidhiwa fedha. Mafunzo ya masoko yakiwamo, yasiishie kwenye kufungua ukurasa na kuupa jina. Kila kikundi kitoke darasani na orodha ya bidhaa zake zenye bei, uzito au ukubwa, jina la Lipa Namba, na gharama ya kuzifikisha Vwawa, Mlowo na Tunduma. Ofisa maendeleo ya jamii aisome orodha hiyo kama mnunuzi, na akikuta swali moja lisilojibiwa airudishe kwa kikundi, fedha zikisubiri.